Mama Landrova na Magoti Yake

Jumapili ile, paroko alipomaliza kutoa baraka na kwaya ikaanza wimbo wa kutoka, kanisa zima lilisimama isipokuwa Dafroza. Alibaki amepiga magoti karibu na nguzo, kichwa ameinamisha, mikono imeshika benchi la mbele. Watu walimpita wakinyata ili wasimkatishe. Mzee mmoja alimgusa mkewe kwa kiwiko akamwambia, "Mtazame mwenzako anavyosali." Hata paroko, aliporudi ndani baada ya kusalimiana na waumini, alimkuta vilevile. Akamgusa bega.

"Mama, Mungu amekusikia. Sasa nenda ukapumzike."

"Baba Paroko," Dafroza alijibu bila kuinua kichwa, "sala nilishamaliza. Magoti ndiyo yamegoma."

Akaitwa Salvina, jirani yake, ambaye waliolewa kijiji kimoja wakiwa wasichana. Salvina akashika kwapa hili, paroko akashika lile, wakamnyanyua kama gunia la kahawa. Salvina alicheka mpaka nje ya geti. Dafroza hakucheka. Yeye hakuwa mtu wa kunyanyuliwa.

Upande ule wa Kibosho walimjua kwa jina la Mama Landrova. Vijana wa kijiweni ndio waliompa, enzi hizo barabara ikiwa mbovu kiasi kwamba mvua ikishika, gari pekee lililofika juu lilikuwa Landrova ya misheni. Dafroza naye alifika. Asubuhi alishuka tambarare kukata majani ya ng'ombe, akarudi amejitwisha mzigo uliomfunika mpaka macho, akipanda mlima bila kutua huku anaongea na kila aliyekutana naye. Wanaume waliosukuma baiskeli walisogea pembeni ampite. Kihamba chao, shamba la nyumbani lenye migomba juu na kahawa chini yake, alikijua kwa miguu: wapi pana jiwe, wapi panateleza, wapi mfereji unafurika Aprili. Mumewe, Kastori, mtu mpole wa maneno machache, alipenda kusema kwamba hakuoa mke, alioa chombo cha usafiri.

Magoti hayakuharibika siku moja. Yalianza kwa kulalamika wakati wa kushuka tu. Kupanda alipanda vizuri, ila akiteremka alihisi kama kuna mtu anambana kwa koleo nyuma ya kifuniko cha goti. Kisha yakaanza kukaza asubuhi, ikawa akitoka kitandani anatembea kama bata mpaka chai ichemke. Kisha yakaanza kupiga kelele. "Nasikia mtu anavunja kuni," Kastori alisema siku moja akiwa sebuleni. "Ni mimi nainama kuchukua sufuria," Dafroza akamjibu kutoka jikoni.

Dawa zilikuja zenyewe, kama zinavyokuja kwa kila mgonjwa mwenye majirani. Salvina alileta majani ya mbarika, wakayababua motoni na kuyafunga magotini kwa kitenge. Mchuuzi mmoja stendi alimuuzia mafuta ya kopo jekundu yaliyomchoma vibaya hata akasahau maumivu ya ndani kwa sababu ya maumivu ya nje. Mwingine akamwambia asile nyanya. Mwingine akamwambia tatizo ni upepo. Kastori, kwa upande wake, alipendekeza mbege, ile pombe ya ndizi, kwa hoja kwamba yeye hunywa na magoti yake hayana neno.

Dawa iliyowavutia wengi ilikuwa kukaa. Mwanawe mkubwa, Fabian, aliyekuwa fundi umeme mjini Moshi, alimletea kiti kikubwa chenye mito akamwambia, "Mama, umefanya kazi ya kutosha. Sasa kaa." Dafroza akakaa. Mke wa Fabian, Gladness, aliyeishi na wakwe zake huku mlimani, alichukua kazi ya majani na ya kupika. Dafroza akawa anaendesha nyumba kutoka mlangoni kwa sauti. Alikaa, akanenepa, na kadiri alivyokaa ndivyo kusimama kulivyozidi kuwa kazi. Chooni alikwenda kwa kushika ukuta. Jumuiya, yaani kile kikundi cha majirani wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba, aliacha kuhudhuria kwenye nyumba zote zilizokuwa bondeni, na huko mlimani nusu ya nyumba ziko bondeni.

Kilichomuuma zaidi ni dada yake. Aikaeli, mkubwa wake, aliolewa Mwika, upande wa pili wa mlima, kwa Walutheri, akawa Mlutheri. Nyumba yake iko ng'ambo ya korongo: gari linakuacha barabarani juu, unashuka njia ya ngazi za udongo hadi kwenye daraja la magogo, kisha unapanda. Kila mwaka baada ya kuvuna kahawa Dafroza alikwenda kukaa naye. Sasa Aikaeli naye alikuwa na magoti yake, tena mabaya zaidi, hakuweza kuja. Na Dafroza hakuweza kwenda. Walibaki kupigiana simu na kulinganisha.

"Langu la kushoto jana lilivimba kama papai," alisema Aikaeli.

"Papai dogo au kubwa?"

"La kati."

"Basi langu limelishinda," Dafroza akasema, na wote wakacheka. Lakini simu ilipokatika alibaki ameishika mkononi, akitazama migomba.

Baada ya mambo ya kanisani, Gladness hakungoja tena. Alikuwa mkwe mtulivu, mwenye kusema mara moja. Alimwambia, "Mama, kesho tunakwenda hospitali," na kesho yake wakaenda mjini.

Daktari alipiga picha, akamwonyesha mifupa yake mwenyewe kwenye kioo. Alimweleza kwamba gegedu, ile sehemu laini inayokaa kati ya mfupa na mfupa, ilikuwa imelika, zaidi upande wa ndani wa goti. Dafroza akauliza kama magoti yanabadilishwa. Daktari akasema yanabadilishwa, ila ya kwake hayajafika huko, kwanza aende kwa wataalamu wa mazoezi ya viungo. Akampa dawa kidogo za maumivu na kumwonyesha mlango wa mwisho wa korido.

Nyuma ya mlango huo kulikuwa na chumba chenye vitanda vifupi, vioo, mipira mikubwa ya rangi, na msichana aliyevaa raba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Namtafuta mtaalamu."

"Ndiye mimi. Naitwa Herieth. Karibu ukae."

Dafroza alikaa, akamtazama kuanzia raba kwenda juu, akaona huyu ni wa umri wa kitinda mimba wake. Herieth alimshika magoti kwa mikono yenye joto, akayakunja na kuyanyoosha, akamwambia atembee, akamwambia asimame mguu mmoja. Alimuuliza mengi: anaamkaje, anashukaje, anainua nini, anakaa saa ngapi kwa siku. Mwisho akasema, "Mama, dawa yako kubwa itakuwa mazoezi."

Gladness alitazama sakafu.

"Mazoezi," Dafroza alirudia. "Mwanangu, wewe kwenu ni wapi?"

"Pasua, hapa hapa mjini."

"Pasua ni tambarare. Mimi nimepanda mlima huu tangu nikiwa tumboni mwa mama yangu. Nimebeba majani, nimebeba ndizi, nimebeba maji, nimebeba watoto. Halafu wewe unaniambia nifanye mazoezi, kama wale wanaokuja kukimbia mbio wakiwa wamevaa suruali za kubana?"

Herieth hakukasirika. Alivuta kiti cha mbao akakiweka katikati ya chumba. "Naomba kitu kimoja tu, mama. Kaa hapa. Kunja mikono kifuani. Sasa simama bila kushika popote."

Dafroza alikunja mikono. Akajisukuma. Akainuka kidogo, kiasi cha kupitisha kitabu, akarudi chini kwa kishindo. Akajaribu tena kwa hasira, akarudi chini tena. Mara ya tatu hakujaribu. Alikaa akitazama mapaja yake chini ya kitenge, kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake umebadilishwa kitasa.

"Kazi umefanya, mama, tena kubwa," Herieth alisema kwa sauti ya chini, akachuchumaa mbele yake. "Lakini tangu magoti yaanze kuuma umekaa. Misuli ya paja ndiyo inayolibebea goti mzigo. Ikilala, mzigo wote unaangukia kwenye mfupa. Gegedu siwezi kukurudishia. Misuli tunaweza kuiamsha. Itauma kidogo mwanzoni. Ikiuma kidogo na kutulia, endelea. Ikivimba na kuuma mpaka kesho yake, umezidisha, punguza. Usiache kabisa, punguza."

Akamfundisha. Unakunja kanga, unaiweka chini ya goti, unaikandamiza kama unataka kuipasua, unashikilia, unaachia. Unalala chali, unanyoosha mguu mmoja, unauinua taratibu na kuushusha taratibu. Unashika kitu imara, unapeleka mguu pembeni. Unasimama kwa vidole. Na kile kiti: mwanzo weka mto ili kiwe juu, ukizoea utoe mto. Akamwonyesha pia namna ya kushuka mteremko, kwa hatua fupi, fimbo na mguu mbaya vikitangulia.

"Mchumba unaye?" Dafroza aliuliza wakati wa kuaga.

"Ninaye, mama."

"Basi mwambie amepata mwalimu," akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

Nyumbani aliona aibu. Mtu mzima kulala chini na kurusha miguu si jambo la kufanyia sebuleni. Akachagua mahali nyuma ya nyumba, kati ya banda la ng'ombe na migomba, ambapo uzio wa mimea ya masale ulikuwa mnene. Alitandika mkeka asubuhi, Kastori akiwa ameshakwenda kupogoa kahawa. Siku za kwanza mguu ulitetemeka hewani kama jani. Alipokandamiza ile kanga, jasho lilimtoka kuliko siku za kubeba majani. Ng'ombe alisimama akimtazama huku anatafuna.

"Usinicheke," Dafroza alimwambia. "Ni kwa ajili yako nimefika hapa."

Sasa, uzio wa masale una uwazi wake, na Salvina alikuwa na macho yake. Asubuhi moja alikuwa anapita kwenda kisimani akaona, kati ya majani, mguu wa mwanamke umesimama peke yake ukielekea mbinguni. Ukashuka. Ukapanda mwingine. Kisha akasikia sauti ya Dafroza ikinong'ona kwa kukaza meno, "Yesu wangu, nisaidie, nisaidie, nisaidie." Salvina hakusubiri kuona zaidi. Aliacha ndoo, akapita nyumba kwa nyumba: Mama Fabian yuko nyuma ya banda, ameanguka, ana degedege, anaita Bwana.

Wanawake wa jumuiya ni wepesi kwenye shida. Hazikupita dakika nyingi wakaingia uani, mmoja na rozari, mwingine na chupa ya maji ya baraka, mwingine na chungu cha mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, uliokuwa umepikwa kwa ajili ya mzazi wa jirani, kwa kuwa hakuna aliyetaka kufika mikono mitupu. Walimkuta Dafroza amekaa kwenye kiti cha jikoni chenye mto, mikono kifuani. Akasimama. Akakaa. Akasimama.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema mwenye maji ya baraka, kwa woga.

"Milele, amina. Karibuni. Nani amekufa?"

Salvina ndiye aliyeanza kucheka, akafuatia mwenye chungu, ikabidi wakitue chini kisimwagike. Walipotulia walimuuliza, na Dafroza, akiwa hana pa kujificha tena, akawaeleza yote, na kiti, na kanga, na msichana wa Pasua mwenye mikono ya joto. Akawaambia wajaribu kusimama bila kushika. Wengine waliweza. Wengine walirudi chini kama yeye. Ikaonekana hapo uani kwamba karibu kila mmoja alikuwa na goti lake alilokuwa amelificha: huyu anapaka mafuta ya kopo jekundu, huyu haendi tena sokoni Jumamosi, yule analala na mto katikati ya miguu na hajamwambia mtu. Salvina mwenyewe, aliyecheka mpaka getini, alifunua kitenge akaonyesha goti la kulia lililofungwa majani ya mbarika.

"Wewe!" Dafroza alimaka. "Na ulinibeba kanisani?"

"Nilikubeba, na usiku sikulala. Ningekuambia nini? Tulikuwa wagonjwa wawili, wewe na mimi."

Wakala mtori wa mzazi, wakapeleka mwingine baadaye. Tangu siku hiyo, jumuiya ikimaliza sala, wanawake walibaki. Walitandika mikeka, wakaimba nyimbo za kwaya kwa mwendo wa polepole ili mguu upande na kushuka kwa mapigo. Wimbo wa mavuno ulifaa kwa kuinua mguu. Wimbo wa Krismasi ulikuwa wa kasi mno, uliwaumiza, wakauacha. Herieth alialikwa, akaja siku moja ya mapumziko yake. Alimkataza mmoja asiendelee mpaka apimwe presha, akamrekebisha Salvina mgongo, na akarudishwa mjini na mkungu wa ndizi ambao yeye na mchumba wake hawangeweza kuumaliza. Paroko aliposikia alitangaza kanisani kwamba asiyeweza kupiga magoti asijilazimishe, akae tu, Mungu anawasikia na waliokaa.

Magoti ya Dafroza yakaanza kuitikia. Siku moja alitoka kitandani akafika jikoni kabla hajakumbuka kutembea kama bata. Siku nyingine alisimama kutoka kwenye kiti bila mto, akaita nyumba nzima waje waone, akarudia. Kastori alipiga makofi. Na hapo, kama ilivyo kawaida ya watu wenye nguvu wanapoona nguvu zinarudi, akajisahau.

Ilikuwa siku Gladness amempeleka mtoto wake kliniki na gari la kurudi likachelewa. Ng'ombe alikuwa analia. Dafroza alichukua mundu na kamba, akashuka kule chini kwenye majani ya tembo kando ya mfereji. Alikata mzigo. Mzigo ulikuwa mkubwa kidogo kuliko wa mgonjwa, na alipouona akaongeza, kwa sababu jina ni jina. Alijitwisha, akapanda. Alipanda vizuri! Vijana wa kijiweni walipiga kelele, "Landrova! Landrova imetoka gereji!" Akapunga mkono. Alitua mzigo mbele ya ng'ombe, akarudi tena kwa mzigo wa pili, na akiwa anashuka, bila fimbo, hatua ndefu za zamani, goti la kushoto likamwachia.

Hakuanguka vibaya, alikaa tu kwenye nyasi. Lakini jioni goti lilikuwa limevimba likang'aa, na kesho yake hakuinuka kitandani. Alimwambia Kastori aukunje ule mkeka auweke darini. "Mambo ya mjini hayo. Nilijua."

Gladness alimletea uji, akaweka bakuli, lakini hakuondoka. Alisimama miguuni mwa kitanda akishika mikono yake.

"Mama, naomba radhi. Leo nitasema kitu, hata kama si mahali pangu."

"Sema."

"Yale majani ni kazi yangu. Ng'ombe angengoja, nami nilikuwa njiani. Mazoezi hayakukuumiza. Kilichokuumiza ni kelele za vijana." Akalisogeza bakuli karibu naye. "Kila siku naamka nakusikia unahesabu nyuma ya banda, na mimi huku jikoni nahesabu na wewe kimoyomoyo. Nilikuwa nafurahi. Sasa ukiacha, mimi nitahesabu na nani?"

Katika maisha yake amegombana na mabwana shamba, wachuuzi, viongozi wa kijiji na mabinti zake wote, na hakuna aliyemshinda. Alimtazama huyu mkwe ambaye kwa miaka yote alimdhania kuwa mtu wa "ndiyo mama" tu.

"Huo uji una sukari?" aliuliza hatimaye.

"Una sukari."

"Basi nipe. Na mwambie baba mkwe wako ashushe mkeka."

Walirudi kwa Herieth. Hakumgombeza, alicheka kwanza, kisha akampunguzia mazoezi, akampa barafu ya kuweka gotini, na akamwambia kwamba karibu kila mama anayepona hupitia siku moja ya namna hiyo. Uvimbe uliisha. Dafroza akaanza tena kutoka kwenye kanga iliyokunjwa, kama mtoto anayerudia darasa, ila sasa Gladness alitoka jikoni akakaa kwenye mkeka pembeni yake. Alisema na yeye mgongo unamsumbua. Wakawa wanahesabu kwa sauti, wawili.

Kahawa ilipovunwa na kukauka, Dafroza alitangaza kwamba anakwenda Mwika. Fabian alitaka kuja na gari amfikishe. Akamkatalia akisema gari halivuki daraja la magogo. Alisindikizwa na Gladness hadi mjini, akapanda Noah ya abiria inayokwenda Mwika, akakaa mbele, fimbo kati ya miguu, na alipofika barabarani juu ya korongo aliteremka peke yake na kikapu chake.

Njia ilikuwa ileile, ngazi za udongo zilizoliwa na mvua. Alisimama juu akazitazama. Kisha akatanguliza fimbo, akatanguliza mguu wa kushoto, akaleta wa kulia. Alishuka polepole, kila baada ya kipande anapumzika na kusalimiana na watu wanaopita, ambao wengi walimkumbuka. Goti lilimuuma kidogo, likatulia. Darajani alikaa akala ndizi mbivu. Upande wa pili alipanda, na kupanda hakukuwa na shida hata kidogo. Mapaja yalimsukuma juu kama yanamjua.

Aikaeli alikuwa amekaa barazani anachambua maharage. Alisikia hodi, akainua macho, akadhani ni mtu mwingine. Kisha ungo wa maharage ukamwagika wote.

"Bwana Yesu asifiwe," Dafroza alisema akihema, kwa salamu ya Kilutheri, ili kumpendeza.

"Amina! Amina! Umeletwa na nani?"

"Na miguu. Shikamoo dada."

Aikaeli alikuwa analia na kucheka, na kusimama hawezi. Dafroza akainama kumkumbatia kitini, na wakabaki hivyo, maharage yakiwa chini na kuku wakijihudumia.

Alikaa huko wiki kadhaa. Kumshawishi Aikaeli kulikuwa kazi kuliko korongo. Alisema yeye ni mzee. Alisema Mungu ndiye anayepanga. Alisema akilala chini hatainuka, na kwa kuwa hilo lilikuwa kweli, Dafroza alimfundisha akiwa juu ya kitanda. Kanga chini ya goti, kandamiza, shikilia, achia. Siku ya kwanza alifanya kwa kununa. Siku ya pili alisema haoni tofauti. Baada ya hapo alianza kumwamsha Dafroza asubuhi akimwuliza mbona analala mpaka jua linatoka wakati kuna kazi ya kufanya. Dafroza alimpeleka pia kwenye kituo cha afya apimwe, maana Herieth alikuwa amemwonya kwamba goti la mtu si goti la mwingine.

Siku ya kuondoka, Aikaeli alimsindikiza hadi kwenye mgomba wa mwisho wa kihamba chake, akaishia hapo, ameegemea mkongojo. Walipigiana simu kama zamani, ila sasa walilinganisha mengine: nani ametoa mto kwenye kiti, nani amesimama kwa vidole huku anasubiri chai ichemke. Mwaka uliofuata Dafroza alirudi, na wakati wa kuagana Aikaeli alimsindikiza hadi darajani.

Mwaka huu, baada ya kahawa, wamefika wote barabarani. Imewachukua asubuhi nzima. Walipumzika kwenye kila kona, na mahali pagumu Aikaeli alishika mkono wa mdogo wake. Juu kulikuwa na jiwe pana kando ya barabara. Wakakaa, miguu imenyooka mbele yao, vumbi mpaka magotini. Noah ya kwanza ilisimama, konda akaita, "Moshi, Moshi mama!" Dafroza akamwashiria apite.

"Si unakwenda?" Aikaeli aliuliza.

"Ile imejaa," Dafroza akasema, ingawa haikuwa imejaa. Ya pili nayo wakaiachia, na ya tatu.